Kupima volteji ya DC (mkondo mnyoofu) isiyotakiwa kwenye kipokezi cha megahezi 7

mwanafunzi_Kijitonyama: Salaam, ndugu zangu. Nimeunda kipokezi ambacho oseleta yake (saketi inayozalisha mawimbi) hutetema kwa masafa yaleyale ya stesheni inayopokelewa, chenye miksa ya dayodi nne (inayochanganya mawimbi ya antena na ya oseleta) na amplifaya inayokuza mara 100 bila kapasita yoyote katikati ya kuzuia DC. Nikiondoa antena na kuweka rezista ya omu 50 mahali pake, mita ya volteji kwenye pato la amplifaya husoma milivolti 180 badala ya sifuri, na nikirudisha antena usomaji unahamahama. Nitatenganishaje vyanzo vyake?

fundi_Temeke: Ndugu, sehemu kubwa hutoka kwa oseleta yenyewe. Mawimbi yake huvuja kupitia miksa hadi upande wa antena, hurudi, kisha huchanganywa na oseleta ileile; kwa kuwa masafa ni sawa, tofauti yake ni sifuri, yaani DC. Zima oseleta upime tena. Kitakachobaki ni cha amplifaya.

Mawimbi_Kigamboni: Maelezo ya uvujaji ni sahihi, ila sishauri kuzima oseleta. Bila oseleta dayodi hazipitishi umeme, kwa hiyo amplifaya haioni tena omu 50 kwenye ingizo lake, na mkondo mdogo wa ingizo hilo huzaa volteji nyingine ambayo haikuwapo awali. Ni afadhali uitoe miksa kabisa na kuweka rezista ya omu 50 kwenye ingizo la amplifaya. Tuseme utasoma milivolti 40: basi 140 ni za miksa, na ukigawanya kwa 100 unapata milivolti 1.4, namba ambayo unaweza kuilinganisha na vipokezi vya wenzako hata kama ukuzaji wao ni tofauti. Washa saketi mapema ili ipate joto lake la kawaida, na kwa joto hili la Dar es Salaam usiielekezee feni wakati wa kupima, kwani usomaji utateleza.

fundi_Temeke: Nakubali, njia hiyo ni bora.

redio_Ubungo: Kuhusu antena, kuna vyanzo viwili: mawimbi ya oseleta yanayoakisiwa na antena, na stesheni zenye nguvu ambazo miksa isiyo na ulinganifu kamili huzigeuza kuwa DC. Ongeza takriban mita 7 za kebo ya kawaida ya antena, ambazo kwa megahezi 7 ni robo ya wimbi ndani ya kebo. Kwenda na kurudi ni nusu wimbi, hivyo mchango wa mwakisiko utageuka kutoka chanya kuwa hasi au kinyume chake, ilhali ule wa stesheni hautageuka. Kumbuka kulinganisha na usomaji wa rezista, si na sifuri.