Ushauri: nasomesha maadili jioni hapa Chake, mjadala unakufa kabla haujaanza

KarafuuKavu: Assalaam alaykum. Asubuhi nna ajira yangu, jioni nasomesha Maadili ya Kisasa kwenye chuo kimoja hapa Chake Chake, kwa malipo ya saa. Wanafunzi ni wa cheti na stashahada, wengine wamenizidi umri, wanakuja wametoka kazini. Silabasi nimekabidhiwa na mifano yake yote ya ng'ambo. Juzi nikawapa ile ya gari la reli lisiloshika breki, ya mwanafalsafa Philippa Foot wa Uingereza, 1967: dereva anyooshe aue watano, au akate kona aue mmoja? Kijana akauliza reli iko wapi Pemba. (Unguja walau walikuwa na ya Bububu.)

Reli si tatizo. Tatizo ni kuwa nikileta suali lolote, la kutoa figo au la daktari kumficha mgonjwa ukweli, anasimama mmoja anasema "haramu" au "inajuzu", wenzake wanaitikia, basi. Nikihoji zaidi naonekana nabisha dini, na hapa maneno yanafika msikitini kabla mwenyewe hujafika nyumbani. Nifanyeje? Au niache tu, maana hata malipo ya semesta iliyopita sijayaona.

BintiWete: Mkataba unao wa maandishi? Saa za kusahihisha zimo? Kama hazimo unatoa sadaka, ujijue.

UstadhWaKonde: Maalim, hao hawajakosea, ila wametoa hukumu bila ya kuonesha njia waliyopitia. Waulize njia. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, kalizungumza suali lako hilo hilo, tena kwa chombo. Watu wamo baharini, chombo kinazama, akitoswa mmoja waliobaki wanaokoka. Wapige kura ya bahati nasibu, atakayeangukiwa wamtose? Kasema haijuzu. Lakini hapo hapo kaleta adui anayejikinga kwa mateka wa Kiislamu, na huko karuhusu kupiga hata kama mateka watakufa, kwa masharti: iwe dharura, iwe yakini, na madhara yawe ya umma mzima, si ya watu wa chombo kimoja. Sasa darasa likueleze kwa nini huku hapana na kule ndiyo. Hutosikia tena jibu la neno moja, na hakuna atakayekwenda kusema unabisha dini.

Kijichi77: Naunga mkono. Na kisiwa chetu cha Misali pia. Hifadhi ile ya 1998 masheikh walishirikishwa kuzungumza na wavuvi juu ya mwanadamu kuwa khalifa, yaani mwangalizi, katika ardhi. Waulize mvuvi ambaye watoto wake wana njaa leo anadaiwa nini na samaki wa kesho. Wengi humo ni watoto wa wavuvi, watagombana.

MtuWaMkoani: Mimi ningeanza na Spice Islander, meli iliyozama Septemba 2011. Imetoka Unguja kuja kwetu, imepakia kupita kiasi. Alaumiwe nahodha, aliyekata tiketi, au abiria aliyeona imejaa na akapanda?

BintiWete: Taratibu hapo kaka. Hilo ni darasa la Pemba. Mwenye miaka ishirini na kitu leo alikuwa mtoto siku ile, na hujui nani hakurudi kwao. Abiria usimtie kabisa. Ukitaka kuitumia, itangaze wiki moja kabla, asiyeweza asije.

MtuWaMkoani: Kutangaza sawa. Kumtoa abiria sikubali dada yangu. Mimi kila ikikaribia Sikukuu naiona boti imejaa na bado nasukumana nipande. Tukilikwepa hilo tunasomesha nini?

KarafuuKavu: Ahsanteni sana. Mkataba ninao, karatasi moja, kusahihisha hakumo, nitakwenda kuwauliza. Wiki ijayo naanza na chombo cha Ghazali, halafu Misali. Meli sijaamua, Binti ana haki, na wa Mkoani naye simpingi. Ustadh, naomba unitumie matini ya Kiarabu kwa faragha, la chombo na la mateka yote mawili. Kuna wawili darasani wanasoma Kiarabu kunishinda, watataka kuliona neno kwa neno.