Naomba ushauri: ubunifu au ubora kwenye gemu za zamani?

Wakuu, naandaa orodha ya gemu bora za zile mashine za sarafu, nimekwama kwa Pac-Man, ile gemu ya kula vidoti kwenye vichochoro huku unakimbia mizimu. Ile ya 1980 ndiyo iliyoleta wazo lenyewe, lakini ina ramani moja tu na mizimu yake inakaririka. Ukishashika mpangilio unacheza huku unasinzia. Ms. Pac-Man ya 1982 ilianza kama marekebisho ya gemu hiyohiyo, tena yaliyofanywa na watu wengine kabisa, ila ina ramani nne na mizimu haitabiriki kirahisi. Kwangu ni tamu zaidi. Sasa ipi ikae juu? Galaxian (1979) na Galaga (1981) iliyokuja kuiboresha, gemu za kufyatua maadui angani, zinanisumbua vilevile, ingawa hizo angalau zote ni za kampuni moja, Namco. Nyie mnampa nani alama zaidi, aliyetangulia au aliyeboresha?