CERNERE ya Kilatini: kuchekecha, kuona, kuamua, au kurithi? Kitenzi kimoja hiki hiki?

Mtafuta_Mzizi:
Wakuu, nimekwama kwenye mstari wa Ennius, mshairi wa kale wa Kirumi, ambao mwandishi Cicero anaunukuu katika kitabu chake *Laelius* (64): *Amicus certus in re incerta cernitur.* Kamusi inanipa maana za *cerno* kama ifuatavyo: kuchekecha, kutenganisha, kuona, kuamua, na mwisho kabisa "kukubali urithi". Maswali yangu:

1. Maana hizi zinaunganaje?
2. Je, nikiandika "rafiki wa kweli huchekechwa na shida" nitakuwa nimekosea?
3. Umbo *crevi* ni la *cerno* au la *cresco*? Naliona pote pawili.

Ungo_na_Chekeche:
Anzia jikoni, ndugu, na kamusi utairudia baadaye. *Cernere* ni kazi ya *cribrum*, yaani chekeche: unatia unga uliosagwa, unatikisa, laini inapita kwenye matundu, pumba (*furfur*) inabaki juu. Mshairi Ovidius, katika shairi lake la vipodozi vya uso, anatumia amri *cerne* kwa maana hiyo hiyo, mara tu baada ya kusaga na kuchanganya viungo. Na chekeche hazikuwa za namna moja. Mwandishi wa Kirumi Plinius (kitabu cha 18) anasema Wagalli walizifuma kwa singa za farasi, Wahispania kwa kitani, Wamisri kwa mafunjo na matete.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya chekeche. Kabla ya kutikisa una rundo moja, baada ya kutikisa una mawili, na unajua lipi ni lipi. Hapo ndipo maana zote zilipozaliwa. Ukitenganisha kwa macho, hiyo ni kuona, lakini ni kuona kwa kupambanua: kitu kilichochanganyika na vingine, au kilicho mbali, au gizani, kinajitokeza. Ukitenganisha kwa akili, umeamua.

Ndiyo maana *videre* (kuona) na *cernere* si pacha. Cicero ana sentensi moja (*Tusculanae* 1.46) yenye vyote viwili: *nos enim ne nunc quidem oculis cernimus ea quae videmus*. Hoja yake ni kwamba macho ni njia tu, anayepambanua ni roho. Ukitafsiri vyote viwili kwa "kuona" utapata "hatuoni kwa macho yale tunayoyaona", upuuzi mtupu. Andika: "hata sasa, yale tunayoyaona hatuyapambanui kwa macho."

Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo. *Kuchambua* ni kazi ya pamba na mboga, *kupembua* ni kazi ya nafaka, na leo tunachambua bajeti na kupembua hoja bila kukumbuka ungo.

Bint_Mwalimu:
Naongezea onyo, maana wengi huteleza hapa. Si kila kutenganisha ni *cernere*. Kupepeta, kurusha nafaka ili upepo uondoe makapi, ni *ventilare*. Kuchuja kitu cha majimaji kama divai ni *colare*, na chombo chake ni *colum*. Mathayo 23:24 katika Vulgata, Biblia ya Kilatini, ina *excolantes culicem*, na Kiswahili kimesema sawasawa: kuchuja mbu. Lakini Luka 22:31, pale Shetani anapowataka mitume, Vulgata ina *cribraret*, ya chekeche kabisa, na Biblia yetu ya Union ikachagua "kuwapepeta kama vile ngano". Kwa masikio yetu inapendeza. Ila mwanafunzi akiibeba picha hiyo ya upepo na kuileta kwenye *cernere*, ataipoteza. Katika chekeche hakuna upepo. Kuna matundu, na kipimo cha tundu ndicho kinachoamua nini kipite.

Sarufi_Kavu:
Nijibu la 3. Ni vyote viwili, na huo ni mtego halisi:

*cerno, cernere, crevi, cretum*
*cresco, crescere, crevi, cretum* (kukua)

Namna ya kuvitofautisha: angalia kama kuna shamirisho. *Cresco* haichukui shamirisho, mto unakua tu wenyewe. Ukikuta *crevit* peke yake, asilimia kubwa ni "ilikua". Ukikuta *hereditatem crevit* (aliukubali urithi), huyo ni *cerno*. Tena kwa maana ya kuona, waandishi wa nathari karibu hawaitumii *crevi*. Wakitaka "niliona waziwazi" watasema *vidi*, *conspexi* au *perspexi*. Kwa hiyo usiandike *navem crevi* ukidhani umesema "niliiona meli".

Kuhusu urithi, si maana ya kubahatisha. Mwanasheria Gaius (karne ya 2 B.K.) anaeleza utaratibu wa *cretio*, yaani kutamka rasmi kuwa unakubali urithi, katika kitabu chake cha pili. Wosia ulimpa mrithi muda, kwa kawaida siku 100 tangu ajue na aweze, naye alitakiwa kutamka: *eam hereditatem adeo cernoque*, "urithi huo nauingia na kuukubali". Asipotamka ndani ya muda, alikuwa *exheres*, ametoka. Kwa nini apewe muda? Kwa sababu mrithi wa Kirumi alirithi na madeni. Siku hizo ni za kuchekecha: mali kiasi gani, deni kiasi gani, nikubali au nikatae. Gaius mwenyewe anasema *cernere* hapo ni kama *decernere et constituere*, kuamua na kuthibitisha.

Viambishi awali vinabadili picha kidogo tu. *Secernere* ni kutenga kando, ndiyo ikazaa *secretum*, jambo la siri. (Siri yetu haitoki huko, ni *sirr* ya Kiarabu. Kufanana ni bahati.) *Discernere* ni kugawa huku na huku. *Excernere* ni kutoa nje, na *excrementum* ni yale yanayobaki juu ya chekeche, makapi, kabla hayajawa kinyesi. *Decernere* ni kukata shauri; ndicho kitenzi cha Seneti, *senatus decrevit*, "Seneti iliamua". *Discrimen*, ambalo nalipenda kuliko yote, ni mstari unaotenganisha: njia ya nywele kichwani, na pia saa ya hatari ambapo mambo yanaweza kuangukia upande wowote.

Mtafuta_Mzizi:
Asanteni sana. Basi lile la 2? Na mbona *certus* na *cernitur* zinafanana, ni kiimbo tu?

Ungo_na_Chekeche:
Si kiimbo tu. *Certus* ni umbo la zamani la kishiriki cha *cerno* hicho hicho: kilichokwisha kupambanuliwa, kwa hiyo cha hakika. Ennius amegonga mzizi mmoja mara tatu katika maneno sita: *certus, incerta, cernitur*.

"Huchekechwa na shida" ina makosa mawili. Kwanza, *in re incerta* si mtenda. Mtenda angekuwa na *a* au *ab* kama ni mtu, au ablativu tupu (umbo la nomino linaloonyesha kwa nini au kwa kitu gani) kama ni kitu. Hapa *in* inaonyesha hali ambamo jambo linatokea. Pili, *res incerta* si shida hasa, ni hali isiyo na uhakika, mambo yakiwa bado hayajulikani yataangukia wapi. Mimi ningeandika:

"Rafiki wa hakika hupambanuka pasipo na hakika."

Angalau hakika inarudi mara mbili.

Bint_Mwalimu:
Hiyo nzuri kwa mtihani. Kwa hotuba ningeweka tu "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" na wasikilizaji wote wangeelewa. Ila tujue tumebadilisha nini: methali yetu inampima rafiki kwa msaada anaotoa. Ennius hasemi rafiki anasaidia. Anasema anajulikana.

Sarufi_Kavu:
Na kama unamtaka Ennius mwingine wa kulinganisha, soma *De Officiis* ya Cicero 1.38, mfalme Pyrrhus, adui wa Warumi, akikataa fidia ya mateka: *ferro, non auro vitam cernamus utrique*. Hapo *cernere* ni kuamua kwa vita, "tuamue uhai wetu kwa chuma, si kwa dhahabu". Ukiweka "tuone" hapo, mwalimu atakata alama zote.