Nyota za mikahawa na vifo vya kazini kwenye grafu moja: inatufundisha nini?

Mleta mada: Wadau, naomba tulijadili hili. Mtu achore grafu: chini aweke nyota za Michelin (alama za ubora wa mikahawa) za kila nchi, pembeni wafanyakazi wanaokufa kazini kwa kila 100,000, na kila nchi iwe nukta moja. Je, tutakuwa tumejua lolote kuhusu nchi hizo? Mimi nasema hapana, na Kenya inatosha kuonyesha kwa nini.

Michelin ni kampuni ya matairi ya Ufaransa. Kitabu chao cha mwongozo kilitoka mwaka 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi, nyota zikaanza 1926. Wakaguzi wao hawafiki kila mahali. Thailand ilipata kitabu mwishoni mwa 2017 baada ya mamlaka yake ya utalii kutoa pesa. Hadi mwisho wa 2024 hakukuwa na kitabu chao cha nyota cha nchi yoyote ya Afrika. Kwa hiyo Kenya itapewa sifuri ilhali hakuna aliyewahi kuja kuonja.

Kwenye vifo mambo ni mabaya zaidi. Takwimu za kila mwaka za Uingereza huwaacha nje wanaofia barabarani wakiwa kazini. Marekani huwahesabu: kati ya vifo 5,283 vya mwaka 2023, zaidi ya thuluthi vilikuwa vya usafiri. Ufaransa, mtu akianguka ghafla akafa akiwa kazini, sheria inachukulia hiyo ni ajali ya kazi mpaka ithibitishwe vingine. Anayehesabu kwa uaminifu ndiye anayeonekana muuaji.

Mpishi wa Westlands: Unachambua mno. Doha, mji mkuu wa Qatar, ilipata nyota zake za kwanza Desemba 2024. Februari 2021 gazeti la Guardian lilikuwa limehesabu wahamiaji zaidi ya 6,500 kutoka nchi tano za Asia ya Kusini waliofia Qatar tangu ipewe Kombe la Dunia. Nimefanya kazi jikoni huko Ghuba, na nataka anayeweka nafasi ya meza azione namba hizo mbili kwa pamoja. Ukizitenganisha, ya nyota itasomwa, ya vifo itasahaulika.

Mleta mada: Kuziweka pamoja sina ubishi. Lakini hizo 6,500 ni vifo vya sababu zote, na Guardian wenyewe walisema Ufilipino na Kenya hazimo. Waandalizi wa Kombe hilo walitaja vifo vitatu vya kazini kwenye viwanja. Novemba 2022 mkuu wao, Hassan al-Thawadi, akasema kati ya 400 na 500 kwa kazi zote za mashindano. Nchi moja, namba tatu. Nukta utaiweka wapi?

Fundi wa Pipeline: Mnabishana kuhusu Doha, njooni Embakasi hapa Nairobi. Jukwaa ni miti iliyopigiliwa misumari na kufungwa kamba. Kibarua akianguka kutoka ghorofa ya tano, forman anapiga simu kwao, anachangisha vijana papo hapo, anamwaga mchanga pale alipoangukia. Kesho saa moja asubuhi zege linapanda. Sheria ya 2007 inataka kifo kiripotiwe kwa afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24, na sheria ya fidia ya mwaka huohuo inawapa wategemezi wake mapato ya miezi 96. Lakini pale mjengoni marehemu yuko kwenye daftari la forman tu, jina moja la utani na namba ya M-Pesa. Familia inapata jeneza na nauli ya kwenda kuzika.

Mleta mada: Ndiyo maana nasema nchi isiyohesabu isipewe sifuri wala isiachwe nje. Ichorewe mstari wa kijivu kutoka chini hadi juu, maana ukweli unaweza kuwa popote hapo.

Mpishi wa Westlands: Ukiichora Afrika yote kijivu, msomaji wa Paris ataturuka. Hilo nalo ni kutufuta.

Mleta mada: Basi kijivu kijazwe. Kila mjengo halali una namba ya NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa, kwenye bango pale getini. Kifo kiandikwe chini ya namba hiyo, na orodha itolewe hadharani kila mwaka, kaunti kwa kaunti. Nikiipata, grafu nitaichora mimi mwenyewe, na nyota nitaziweka.

Fundi wa Pipeline: Huku mijengo mingi haina bango. Anzeni na OB (madaftari ya matukio) za polisi na vitabu vya mochari. Aliyekufa kwa ajali mwili wake lazima upitie huko, na hapo jina lake huandikwa kamili.