Naombeni ushauri: nampeleka mama Toronto mwezi wa saba, tusikose kuona nini?

Mwana_Tegeta
Wakuu habari za humu. Mwezi wa saba Mungu akipenda nampeleka mama akamsalimie dada yangu Toronto, viza imetoka juzi na mama ameshaanza kuaga mtaa mzima. Dada yuko kazini Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hiyo mchana nitakuwa mimi, mama na watoto wa dada, mmoja ana miaka 9 mwingine 6. Mama anasumbuliwa na magoti, ngazi nyingi haziwezi, kutembea anaweza ila apate pa kukaa. Kila nikigugo naona mnara wa CN tu, na tiketi imezidi dola 40 kwa kichwa. Sasa wenyeji niambieni ukweli, hela hiyo inaenda kihalali au kuna vitu vingine mama ataviona akarudi Tegeta ana cha kusimulia? Na Niagara tunafikaje bila gari?

DadaScarboro
Karibuni sana, na mama mpe shikamoo yake. Mimi nakaa huku na kila mgeni wangu namwanzishia visiwani kabla ya mnara. Mnaenda mpaka mwisho wa Bay Street ziwani, mnapanda feri, nauli kama dola 9 mtu mzima kwenda na kurudi, safari yenyewe haifiki hata robo saa, ni kama pantoni la Kigamboni tu ila ukigeuka nyuma unaona majengo yote ya mjini yamejipanga na mnara katikati, hapo ndio picha ya Toronto ilipo na hujalipa dola 40. Centre Island kuna mabembea ya watoto na wanyama wa kufuga, Ward's Island ndio kutulivu, nyumba za watu, maua mlangoni, hakuna magari ya watu binafsi. Mama atakaa kwenye nyasi ameangalia ziwa mpaka aseme yeye turudi. Bebeni chakula chenu maana vya kule bei imechangamka.

nyundo7
Dada nakuheshimu ila mtu atoke Bongo afike Toronto asipande mnara? Mita 553, tangu 1976 hadi Burj Khalifa ilipoupita 2007 hakukuwa na jengo refu kama hilo duniani. Magoti hayahusiki pale, ni lifti mwanzo mwisho, na kuna sehemu sakafu ni kioo unaona magari chini ya miguu yako. Mama yangu mimi alikataa katakata kukikanyaga, akasimama pembeni anasoma dua huku wajukuu wanalala kifudifudi juu ya kioo, mpaka leo ndio stori yake ya kwanza kwa kila mgeni. Cha msingi usikate tiketi kabla hujaangalia hali ya hewa, mawingu yakishuka utalipa kuona weupe mtupu.

DadaScarboro
Hapo kwenye mawingu nakuunga mkono 100%. Basi mnara iwe siku ya jua kali, jioni, muone mchana na taa kwa tiketi moja.

Binti Kilwa
Kuna sehemu hamjaitaja na kwa mama mimi naiweka namba moja, makumbusho ya Aga Khan, Wynford Drive. Ilifunguliwa 2014, jengo jeupe, nje kuna bustani yenye mabwawa ya maji meusi yametulia kama kioo, ndani kuna kurasa za Qur'ani za zamani sana, vyombo vya udongo, michoro ya Kiajemi. Jirani yake ni kituo cha Waismailia. Na jua kwamba wengi wa hao wametoka kwetu, Amin alipofukuza Wahindi Uganda 1972 Kanada ilipokea maelfu, wengine wakafuata kutoka Dar na Nairobi. Nilienda na shangazi, tumekaa bustanini tunaongea yetu mara mzee mmoja wa Kihindi anatugeukia, "Mmetoka wapi nyie?", Kiswahili kilichonyooka, kumbe kazaliwa Tanga. Shangazi akahamia benchi la yule mzee, wakaulizana watu wa barabara ya kumi na ngapi sijui, mimi nikabaki na mkoba wake.

Mwana_Tegeta
Binti Kilwa umenimaliza, mama amekulia Tanga! Hiyo imepita. Vipi Casa Loma, watoto wanataka kasri.

nyundo7
Casa Loma ni nzuri, tajiri mmoja Henry Pellatt alijenga kuanzia 1911, vyumba 98, mwisho ikamfilisi akahama. Ila minara yake ni ngazi tupu, mama abaki chini bustanini. Kwa watoto mimi ningechukua ROM, yale makumbusho makubwa ya Ontario, mifupa ya dinosaria inawatosha.

DadaScarboro
Niagara sasa. Treni ya GO kutoka stesheni ya Union mjini inachukua kama masaa mawili, wikendi kuna tiketi ya dola 10 unapanda siku nzima na watoto mpaka miaka 12 ni bure, hata kwenye mabasi na treni za mjini za TTC hawalipi. Ukishuka usijaribu kutembea na mama, kuna basi la WEGO mpaka kwenye maporomoko. Kuangalia ni bure kabisa, unasimama kwenye vyuma vya ukingoni pale maji ya poromoko la Horseshoe yanapojitupa, unalowa, ardhi unaisikia inatetemeka. Boti ni hiari. Upande wa Kanada ndio wenye mandhari, na daraja la Rainbow msivuke kama hamna viza ya Marekani. Halafu bei nyingi za dukani na migahawani huku zimeandikwa bila kodi, ukifika kaunta wanaongeza asilimia 13, usije ukadhani umeibiwa.

Binti Kilwa
Na Jumatatu pangeni visiwa, maana Aga Khan na soko la St. Lawrence zote zinafungwa siku hiyo.