Mbege imekuwa chungu kupindukia: msesewe unapimwaje?

Ndoo Nyeupe: Wakuu, hii ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya lita 20. Magome ya msesewe, mti unaoipa mbege uchungu wake, yalichemshwa pamoja na ndizi kutwa nzima. Sasa uchungu unang'ang'ania kooni, tena haichachi: siku ya pili hii, povu hakuna. Naiokoaje?

Kata Kavu: Hapo kwenye "pamoja na ndizi" ndipo ulipoharibu. Ndizi zinataka saa nyingi motoni mpaka ziive nyekundu, na gome likikaa humo muda wote linaachia uchungu wake wote. Chemsha gome peke yake: likaushe, liponde, kiganja kimoja kwa lita 2 za maji, nusu saa, chuja. Maji hayo tia kwenye uji wa ulezi nusu kikombe nusu kikombe, unaonja. Uchungu uusikie nyuma ya ulimi, utamu wa ndizi uufuate. Hiyo ya sasa usimwage. Pika nyingine isiyo na msesewe kabisa, uchanganye nusu kwa nusu.

Ulezi Mwekundu: Kutochacha usiusingizie msesewe. Uji uliumimina wa moto? Chachu ya mbege ni ile inayozaliwa kwenye ndizi zilizopikwa zikalala siku 3 au 4. Uji wa moto unaiua.

Ndoo Nyeupe: Ulikuwa unatoa mvuke, kweli. Nitie hamira ya dukani?

Ulezi Mwekundu: Itachacha, ila itanukia mkate. Omba jirani kata mbili za mbege ya jana, koroga, funika kwa kitambaa. Kesho asubuhi chungulia povu. Na kimea je? Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unaoteshwa siku 3 hivi, unaanikwa juani ukauke kabisa ndipo usagwe. Ukiota ukungu, tupa wote, maana sumu ya ukungu haiishi kwa kuchemsha.

Mti Mchungu: Msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, miti inayotoa reserpini, dawa ya kushusha presha. Anayemeza dawa za presha asinywe, mjamzito vilevile. Gome la sokoni usilojua limetoka mti gani liache hapohapo. Ukibandua mwenyewe, bandua upande mmoja tu wa shina; ukilizungusha lote, mti umekufa.

Ndoo Nyeupe: Nimeelewa, wakuu. Kata mbili zimepatikana, nazitia jioni hii.