Wilaya ya 94 Virginia: acheni kucheka na bakuli, ulizeni daftari

Wakuu, habari za muda huu. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa vituko vya uchaguzi duniani. Hapa hakuna kituko.

Nimechoka. Uchaguzi ukikaribia tu, uwe wa nyumbani au wa huku Marekani, lazima mdau mmoja aibuke na ile picha ya Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia, ya mwaka 2018 kiti cha baraza la jimbo kilipoamuliwa kwa bahati nasibu baada ya kura kulingana: jamaa kavaa suti, kashika kikopo, mbele yake bakuli la kauri, chini maandishi makubwa KURA YAKO MOJA INA THAMANI. Likes zinamiminika. Wa kwanza kukoment: "Kumbe wazungu nao wana mambo yao." Wa pili: "Demokrasia ya kurusha shilingi." Kisha anakuja mwalimu wa uraia kutuhubiria tusikae nyumbani siku ya kupiga kura.

Mimi naishi Virginia na napiga kura Virginia, ingawa si kwenye wilaya hiyo. Na nasema mahubiri hayo ni matusi kwa watu 26 wa Newport News. Nitaeleza kwa nini. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwa wasiojua: Baraza la Wajumbe, moja ya mabaraza mawili ya bunge la jimbo la Virginia, lina viti 100, kila wilaya ya uchaguzi kiti kimoja, uchaguzi kila baada ya miaka miwili, na unafanyika miaka ya witiri. Wilaya ya 94 ilikuwa Newport News, mji wa kule pwani wenye karakana ya kutengeneza manowari za kubeba ndege. Kiti hicho Republican walikuwa wamekikalia miaka kibao. Alikuwepo Glenn Oder, alipoondoka 2011 akaja David Yancey. Mwaka 2015 Shelly Simonds wa Democratic alijaribu, akapigwa waziwazi. Hakuna aliyepiga kelele, kashindwa kashindwa.

2017 upepo ukageuka. Kabla ya uchaguzi Republican walikuwa na viti 66 kwa 34. Kulipokucha walikuwa wamepokonywa viti 15 jimbo zima, na kura za wilaya ya 94 zimebanana kiasi kwamba Yancey anaongoza kwa kura 10. Kumi! Kura zikahesabiwa upya tarehe 19 Desemba. Simonds 11,608, Yancey 11,607. Viongozi wa Republican barazani wakatoa taarifa ya kumpongeza Simonds, mama wa watu. Maana yake Baraza linakuwa 50 kwa 50 na itabidi wagawane madaraka.

Kesho yake majaji watatu wakaletewa karatasi moja ya kura. Moja tu. Upande wa Yancey ulisema ilitupwa kimakosa wakati wa kuhesabu upya. Ukiitazama, mpiga kura kapaka wino kiduara cha Yancey. Kapaka pia kiduara cha Simonds. Halafu juu ya kiduara cha Simonds kapitisha mstari wa kukata. Nafasi nyingine kwenye karatasi hiyohiyo alichagua Republican. Sasa wewe sema: huyu alitaka nani? Majaji wakasema alimtaka Yancey. Ngoma 11,608 kwa 11,608.

Na hapo, wakuu, mimi sina ugomvi na majaji. Mstari ule ukiuangalia bila ushabiki utaona wana hoja. Wanaosema waliiba, hapana. Hata wakala wa Republican aliyekuwepo mezani alikubali mwanzoni kwamba kura imeharibika, akaja kubadili mawazo baadaye. Ni jambo la kuudhi, lakini ndiyo kazi ya mahakama kuamua vitu vya namna hiyo, na iliamua hadharani, kila mtu akaiona karatasi.

Sheria ya Virginia inasema kura zikilingana, ichezeshwe bahati nasibu. Basi tarehe 4 Januari 2018, Richmond, kamera zimejaa, mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya jimbo, James Alcorn, kaweka majina mawili kwenye vikopo vya filamu za kamera za zamani, kavitia kwenye bakuli la mfinyanzi Steven Glass lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa. Kikopo kikatolewa: David Yancey. Republican 51, Democratic 49. Spika akawa Kirk Cox. Simonds alikuwa amekaa palepale na familia yake anaangalia, Yancey hakuhudhuria. Siku chache baadaye mama akakubali yaishe.

Picha yenu inaishia hapo. Ila mambo hayakuishia hapo.

Mei 2018, miezi minne baada ya bakuli, gazeti la Washington Post likachambua daftari la wapiga kura na ramani ya mipaka, likakuta watu 26 wanaoishi ndani ya wilaya ya 94 walipewa karatasi za wilaya jirani, ya 93. Wamejiandikisha. Wamekwenda kituoni. Wameonyesha kitambulisho, maana Virginia wakati ule bila kitambulisho chenye picha hupigi kura. Wamepaka wino viduara vyao vizuri kabisa bila kukatakata. Lakini ofisi ya uandikishaji ilikuwa imewaandika anwani zao upande usio wao, kwa hiyo majina ya Yancey na Simonds hayakuwepo kabisa kwenye karatasi walizopewa. Na walitoka eneo lenye Waamerika weusi wengi ambalo kura zake zilielemea sana Democratic.

Kiti kimeamuliwa kwa tofauti ya SIFURI, halafu kuna watu 26 walionyimwa kukipigia kura. Hebu njoo sasa uniambie kura yao moja ina thamani gani. Waliosikia mahubiri yako, wakatoka nyumbani, ndio haohao waliopunjwa! Aliyekaa nyumbani anaangalia mpira na aliyepanga foleni wameingia kwenye hesabu ya kiti cha 94 sawasawa: hawamo.

Kinachonipandisha hasira zaidi ni kwamba bakuli lilikuwa wazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya uchaguzi ule. Kila mtu aliona majina yakikunjwa, vikopo vikichanganywa, mkono ukiingia. Daftari nani alilionyesha kwenye kamera? Nani alipita barabara kwa barabara, nyumba kwa nyumba, akauliza hii iko 93 au 94? Wakati wote ule wa kuhesabu upya, mawakala wa vyama wakikodolea macho karatasi moja yenye mstari, mawakili wakibishana kuhusu wino, kasoro kubwa ilikuwa imelala kwenye kompyuta ya ofisi ya uandikishaji na hakuna aliyeigusa. Sheria inatoa nafasi ya kuhesabu upya kura zilizopigwa. Kura uliyonyimwa haihesabiki upya, haipo.

Na msije mkaniambia ni ajali ya mji mmoja. Uchaguzi huohuo wa 2017, wilaya ya 28, maeneo ya Stafford na Fredericksburg. Kiti cha Spika William Howell aliyekuwa anastaafu, yaani kiti cha bosi mwenyewe wa Baraza. Bob Thomas wa Republican alimshinda Joshua Cole kwa kura 73. Wapiga kura waliopewa karatasi zisizo zao: 147. Mara mbili ya tofauti, na ziada. Hao angalau walijulikana mapema, kesi ikapelekwa mahakama ya shirikisho, jaji akakataa kuzuia mshindi asiapishwe. Kazi iendelee.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Baraza 51 kwa 49. Wilaya mbili zenye daftari bovu, zote zimeenda upande mmoja, na zote idadi ya waliopewa karatasi zisizo zao ni kubwa kuliko tofauti ya kura. Ikigeuka moja, 50 kwa 50. Zikigeuka zote, Democratic 51 na spika wao. Sisemi zingegeuka, hakuna anayeweza kuapa hilo. Nasema nani ashike Baraza la jimbo lenye watu zaidi ya milioni nane kwa miaka miwili kulitegemea mtu aliyeandika anwani vibaya, na nyie mko bize na bakuli.

Halafu kuna mipaka yenyewe. Ramani iliyotumika 2017 ilichorwa 2011. Waliochora walijiwekea lengo: wilaya 12 lazima kila moja iwe na Waamerika weusi wasiopungua asilimia 55 ya watu wa umri wa kupiga kura. Ukisikia haraka unaweza kudhani wanawasaidia. Wapi! Ukiwarundika watu wa aina moja kwenye wilaya chache, wilaya za jirani zinabaki nyepesi kwa chama kingine. Jirani wa 94 ni 95, ambayo ilianzia Hampton ikajipenyeza Newport News kama utepe, ikiokota mitaa ya watu weusi. Juni 2018 majaji wa shirikisho, wawili kwa mmoja, wakasema wilaya 11 kati ya hizo zilichorwa kwa kuangalia rangi kinyume cha katiba, 95 na 92 zikiwemo. Kwa hiyo miezi mitano baada ya bakuli tunaambiwa kumbe hata uzio wa jirani ulijengwa kinyume cha sheria. Uchaguzi ulishapita, mtu kishaapa, anakula posho.

Mahakama ikachoresha ramani mpya, wilaya 25 zikaguswa, 94 ikiwa mojawapo. Republican wa Baraza wakakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2019 wakaambiwa, kura 5 kwa 4, kwamba Baraza moja peke yake halina haki ya kuleta rufaa hiyo. Novemba 2019 Simonds na Yancey wakakutana tena na safari hii hakuna aliyehitaji bakuli, mama alishinda kwa mbali. Cole naye akaichukua 28. Thomas hata hakufika huko, alishatolewa na chama chake kwenye kura za maoni. Democratic 55, Republican 45.

Najua kuna watakaosema "si unaona, mambo yalijisahihisha". Yamejisahihisha wapi? Wale 26 walirudishiwa nini? Bunge la 2018 na la 2019 lilikaa, likapitisha sheria na bajeti, spika akagawa kamati, na viti hivyo viwili vikipiga kura kila siku. Hakuna uchaguzi wa marudio uliofanyika.

Nyumbani tunalalamika kila mara kuhusu daftari: marehemu wamo, walio hai hawamo, jina lako limehamishiwa kituo usichokijua. Na tuna haki ya kulalamika. Lakini likitokea Virginia tunaliita kichekesho cha wazungu kwa sababu tu kuna bakuli zuri kwenye picha.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza inbox kama wilaya hiyo bado ni ya Simonds. Simonds yupo, ila namba zimehama. Ramani ilichorwa upya mwishoni mwa 2021 na kuanza kutumika kwa uchaguzi wa Baraza wa 2023. Namba 94 sasa iko Norfolk, ng'ambo ya maji, na Simonds alichaguliwa Newport News kwa namba 70. Kwa hiyo mkisoma makala za zamani msichanganye.

NYONGEZA 2: Wenye uraia mlioko Virginia, hasa mliohamia nyumba mpya karibu na mpaka wa wilaya mbili: msisubiri siku ya kura. Ingieni kwenye tovuti ya Idara ya Uchaguzi ya jimbo, angalieni umeandikwa wilaya namba ngapi, kisha fungua ramani uone nyumba yako iko wapi. Visipofanana, nenda ofisi ya uandikishaji na karatasi mkononi, udai jibu la maandishi. Ukikuta kasoro, weka hapa namba ya wilaya tu, usiweke anwani yako.